Jinsi ya kuipima nyumba yako inavyokula umeme na kuipa alama, hatua kwa hatua

Ukimuuliza mtu nyumba yake inakula umeme kiasi gani atakwambia "mi naweka wa elfu ishirini, wiki mbili hazifiki umeisha", na hapo ndo kamaliza. Ila hilo bado sio jibu, maana hatujui nyumba ina ukubwa gani, wanaishi wangapi, wanapikia nini, na hao waliomo ndani wanalala usingizi au wanajipepea na kanga mpaka adhana ya alfajiri. Mimi ni fundi umeme wa majumbani hapa Dar na kinachoniuma ni kuona watu wanahama nyumba, wanabadilisha mita, wapangaji wananuniana miezi na miezi, wakati Jumamosi moja tu ya kupima ingewaonyesha umeme unaenda wapi. Kwahiyo naandika hapa vile nnavyofanya mwenyewe. Vifaa ni futi, simu yenye stopuwochi, vipimajoto viwili vya ukutani, daftari, na udi. Udi nitaeleza wa nini.

Kabla ya kuanza, ujue kuna kupima kwa aina mbili na watu wanazichanganya sana.

Aina ya kwanza unalipima jengo lenyewe bila kujali nani anaishi humo. England na Wales ndo wanafanya hivo, nyumba ikitaka kuuzwa au kupangishwa lazima iwe na cheti chenye herufi kuanzia A mpaka G. Mkaguzi anakuja anaangalia kuta, paa, madirisha, mtambo wa kupasha nyumba joto, anaingiza kwenye programu, na programu inahesabu kama vile humo anaishi familia ya kawaida tu, haijali wewe ni mbahili au unaacha taa zote zinawaka. Alama 92 kwenda juu ni A, 69 mpaka 80 ni C, 1 mpaka 20 ni G. Cheti kinadumu miaka 10, na tangu Aprili 2020 mwenye nyumba haruhusiwi kuendelea kupangisha nyumba ya F au G mpaka awe amesajili msamaha maalumu. Ndugu zetu walioko London na Leicester wanalijua hili, na kama unapanga huko una haki ya kuonyeshwa hicho cheti kabla hujasaini.

Aina ya pili unapima matumizi halisi. Australia wana mfumo unaitwa NABERS, wanachukua bili za miezi 12 za jengo wanalipatia nyota, mwisho 6. Huko hawakusikilizi ulichosema kwenye ramani ya ujenzi, wanaangalia mita imesoma nini.

Sisi tutafanya zote mbili kwa mkono, kwasababu moja peke yake inadanganya. Chukua chumba kimoja uswahilini, balbu moja na feni moja, ukihesabu uniti utaona nyumba nzuri sana, lakini bati liko wazi halina silingi na mchana mtoto hawezi kulala mle. Hiyo nyumba haijaokoa umeme, imewanyima watu raha tu. Kwahiyo nyumba inapata alama mbili, ya uniti na ya joto, na zisichanganywe.

Hatua ya 1: ukubwa

Pima kila chumba kwa ndani, urefu mara upana, kwa mita, jumlisha sebule, vyumba, jiko, korido, choo. Baraza la nje usiweke, gereji usiweke. Nitatumia nyumba moja niliyoipima Tabata ili twende na namba, ilikuwa mita za mraba 84.

Hatua ya 2: uniti za miezi 12

Hapa watu wengi wanakosea kwa kutumia shilingi. Shilingi haikupi ukweli, yule wa tarifu ndogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi analipa bei nyingine kabisa na jirani yake wa tarifu ya kawaida, alafu manunuzi ya kwanza ya mwezi yanakatwa kodi ya jengo, kwahiyo watu wawili wameweka elfu kumi kumi mmoja kapata uniti nyingi mwingine kidogo. Andika uniti tu.

Fungua meseji kwenye simu, tafuta neno LUKU, kila risiti ina uniti zake zimeandikwa kWh. Jumlisha za mwaka mzima, na kama nyumbani mnanunua watu watatu basi kusanya simu zote tatu. Lazima uwe mwaka kamili, usiniletee miezi mitatu, maana Januari mpaka Machi feni na AC hazizimwi na Julai watu wanajifunika shuka. Kosa lingine ni kusahau salio. Ulizonunua sio lazima uwe umezitumia, kwahiyo angalia kwenye rimoti ya luku zimebaki ngapi leo uzitoe, na kama unakumbuka zilizokuwepo mwanzo wa mwaka uziongeze. Usipokumbuka sio mbaya, anza kuandika leo.

Nyumba ya Tabata ilitumia uniti 2,310.

Hatua ya 3: gesi na mkaa

Usiruke hii. Mtu anahamisha kupika kutoka jiko la umeme kwenda mkaa alafu anasema nyumba imekuwa bora, hapana, umehamisha mzigo tu. Kilo moja ya gesi ya kupikia ina nishati kama uniti 12.8 hivi, kwahiyo mtungi wa kilo 15 ni kama uniti 190 na ule mdogo wa kilo 6 ni kama 77. Mkaa mzuri mkavu kilo moja ni kama uniti 8. Tabata walitumia mitungi 8 ya kilo 15 kwa mwaka, ni 1,520, na gunia mbili za mkaa zinazokaribia kilo 100 kwa jumla, ni 800. Uone mkaa ulivyo, uniti 800 zimeingia lakini sehemu kubwa imepotea hewani inapasha jiko zima na mama aliyekaa mbele yake, sufuria limepata kidogo.

Hatua ya 4: gawanya

Umeme 2,310 gawa kwa 84 unapata 27.5. Jumlisha vyote, 4,630 gawa kwa 84, unapata 55. Hizo ni uniti kwa mita ya mraba kwa mwaka, na ndo kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani. Andika namba zote mbili, ya umeme peke yake na ya jumla, na pembeni andika idadi ya watu, maana nyumba ya watu wanane haiwezi kulingana na ya watu wawili hata kama ukubwa ni uleule. Usiilinganishe na namba za Ulaya unazokuta kwenye mtandao, wale sehemu kubwa ya nishati yao ni kupasha nyumba joto wakati wa baridi, sisi shida yetu ni kinyume. Linganisha na jirani mwenye nyumba inayofanana na yako, na wewe mwenyewe mwaka jana.

Hatua ya 5: hesabu taa ya mita

Hii ndo hatua nnayoipenda na haina gharama. Mita yako ina kataa kekundu kanakomulika, na karibu yake imeandikwa namba kama 1000 imp/kWh, nyingine 1600 au 800. Maana yake kakimulika mara 1000 uniti moja imeisha. Usifungue mita wala kugusa lakiri yake, wewe unaangalia tu.

Chukua stopuwochi, hesabu mimuliko 10, andika sekunde. Kwa mita ya 1000, gawa 36,000 kwa hizo sekunde unapata wati zinazotumika muda huo. Mfano mimuliko 10 kwa sekunde 36 ni wati 1000, ndo pasi inapiga nguo hiyo. Kwa mita ya 1600 gawa 22,500 badala ya 36,000. Kumbuka ukianza kuhesabu, mmuliko wa kwanza ni sifuri, hapo wengi wanakosea wanapata jibu kubwa kuliko ukweli.

Sasa fanya hivi usiku saa tano watu wamelala, kila kitu kimezimwa isipokuwa vile visivyozimwaga. Hesabu. Alafu zima kimoja kimoja kwenye breka, kila ukizima hesabu tena, tofauti ndo mzigo wa kile ulichozima. Mwisho zima meni swichi kabisa. Taa ya mita inatakiwa itulie kabisa.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Nilipanga nyumba yenye fremu ya duka mbele, kila mwezi uniti zinakata namna isiyoeleweka, namwambia mwenye nyumba anasema ni pasi yangu, nikaacha kupiga pasi nyumbani kabisa, bado. Usiku mmoja nimezima meni swichi, nimesimama na tochi ya simu, kale kataa kanamulika tu, moja, mbili, tatu, polepole, mimuliko 10 ikachukua dakika mbili kamili. 36,000 gawa kwa 120 ni wati 300. Nyumba nzima iko giza na kuna wati 300 zinatembea. Nikaenda mbele kwenye fremu nikaweka sikio kwenye geti la chuma, nasikia friji la soda linaunguruma mle ndani. Waya ulikuwa umechukuliwa kabla ya meni swichi yangu, umepita juu ya silingi mpaka dukani. Wati 300 hata kompresa ikifanya kazi nusu ya siku tu ni uniti 3.6 kwa siku, 108 kwa mwezi, na nilikuwa nimeshalipa miezi saba. Kwahiyo ukizima meni swichi na taa bado inamulika usianze kufukua ukuta mwenyewe, rekodi video, toa taarifa TANESCO, na mwenye nyumba umuonyeshe video kabla ya maneno.

Kama ikatulia, vizuri, rudi kwenye ule mzigo wa usiku. Tabata ulikuwa wastani wa wati 150, friji kubwa la mtumba, ving'amuzi viwili, ruta, na taa ya nje. Zidisha 150 kwa saa 8,760 za mwaka, gawa kwa 1,000, unapata uniti 1,314. Yani zaidi ya nusu ya umeme wao wa mwaka unaliwa na vitu ambavyo hakuna mtu anavigusa. Namba hii iandike, ni ya muhimu kuliko hata ile 27.5. Na wastani wa friji usiupime mara moja, kompresa inawaka na kuzima. Soma rimoti ya luku saa nne usiku, isome tena saa kumi na mbili asubuhi, upate uniti za saa 8 kisha uzidishe kwa 3 kupata za siku nzima.

Hatua ya 6: joto

Sasa alama ya pili. Kipimajoto kimoja kiwe sebuleni katikati ya ukuta wa ndani, mbali na dirisha na friji, kingine nje kivulini penye upepo, sio kwenye ukuta unaopigwa jua. Kabla ya hapo vikalishe pamoja nusu saa uone vinasoma sawa, visiposoma sawa andika tofauti. AC zima. Soma saa tisa alasiri na saa nne usiku, siku tatu mfululizo zisizo na mvua.

Mizani yangu niliyojiwekea ni hii: saa tisa ndani kukiwa na baridi kuliko nje kivulini, A. Sawa na nje au imezidi digrii moja, B. Imezidi moja mpaka tatu, C. Zaidi ya tatu ni D, na hapo hata ununue AC gani unapoza paa tu. Ikifika saa nne usiku ndani bado kumezidi nje digrii tatu, shusha herufi moja, maana kuta zimekunywa jua mchana kutwa na sasa zinalirudisha kitandani kwako.

Nani mkosaji? Karibu kila mara ni paa. Ukiwa na ile bunduki ya kupima joto panda darini kwa ngazi saa saba mchana upime bati kwa chini. Angalizo mbili. Ile ya kupima homa tuliyozoea wakati wa korona haifai, imetengenezwa kwa joto la mwili, tafuta ya ufundi. Na bati linalong'aa linaidanganya bunduki, inasoma joto dogo kuliko lililopo, kwahiyo bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme kwenye bati, subiri dakika tano, pima juu ya tepu. Tabata bati lilikuwa rangi ya damu ya mzee, limeshapauka, bila tepu sehemu ya chini inayong'aa ilisoma 38 nikashangaa, kubandika tepu ikasoma 61. Silingi ya jipsamu chini yake ilikuwa 41. Mtu mwenye joto la mwili 37 analala chini ya dari la 41, kupoa kwake ni kwa shida sana.

Hatua ya 7: jua na upepo

Simama nje na dira ya simu. Dar jua linapita utosini kabisa mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba, kwahiyo kuta za kaskazini na kusini zinakingwa kirahisi na upenu wa paa tu, ila mashariki na magharibi jua linakuja chini chini linaingia mpaka kitandani na upenu haulizuii. Pima vioo vyote vilivyotazama mashariki na magharibi, eneo lake. Nyumba ndefu iliyolala mashariki kwenda magharibi ina vioo vichache huko, safi. Ukikuta kioo kikubwa cha magharibi hakina mti wala kivuli, weka alama nyekundu kwenye daftari.

Alafu upepo. Kaskazi inatoka kaskazini mashariki miezi ya joto, kusi inatoka kusini mashariki. Kila chumba angalia kama upepo una pa kuingilia na pa kutokea, dirisha moja peke yake halipitishi kitu, na dirisha la kuslaidi linafunguka nusu tu hata ukilifungua lote. Wazee wa Unguja na Lamu hawakuwa na luku lakini kuta nene za mawe na chokaa, na mabaraza, na dari za juu, walikuwa wanayajua haya.

Hatua ya 8: kwa wenye AC tu

Hapa ndo udi. Funga chumba, washa AC, washa kijiti cha udi upitishe taratibu kwenye ukingo wa dirisha, chini ya mlango, na kwenye tundu la bomba la AC. Moshi ukivutwa au ukisukumwa hapo pana tundu na hewa uliyoilipia inatoka. Vioo vya luva usijisumbue kuvipima, vinavuja tu, chumba cha luva ni cha feni. Kisha kwenye kibati cha AC soma uwezo wa kupoza kwa wati ugawe kwa wati za umeme. Ya BTU 12,000 inapoza wati 3,500 hivi, ikila 1,200 ni 2.9, mbovu. Ikila 900 ni 3.9, nzuri. Ukiwa Kenya friji na AC mpya zina lebo ya nyota, huko kazi wameshakufanyia.

Hatua ya 9: kama ndo unajenga

Usisubiri mpaka upaue. Kuna programu ya EDGE ya IFC, taasisi ya Benki ya Dunia, kuitumia mtandaoni ni bure, unachagua nchi na mji, unaingiza ukubwa, vioo, paa, rangi, inakulinganisha na jengo la kawaida la hapo hapo. Kupata cheti lazima jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, 20 ya maji, na 20 kwa upande wa vifaa vya ujenzi, na cheti ndo kina gharama. Kwa nyumba ya familia mi nakushauri cheti uache, cheza tu na ile programu kabla hujaagiza bati. Badilisha rangi ya paa kutoka nyeusi kwenda nyeupe uone namba inavyoshuka. Na usinakili jengo la mji mwingine. Jengo la Umoja wa Mataifa lililofunguliwa Gigiri Nairobi 2011 lina sola juu ya paa na ofisi zake zinapozwa kwa hewa ya asili, limefanikiwa, ila Nairobi iko juu karibu mita 1,700 na usiku kuna baridi. Ramani ileile ukiileta Mbezi hapa Dar utapika watu.

Hatua ya 10: andika na urudie

Kwenye karatasi moja andika tarehe, ukubwa, watu, uniti za umeme kwa mita ya mraba, za jumla, mzigo wa usiku kwa wati, herufi ya joto, na vitu vitatu vibovu zaidi. Tabata ilisomeka hivi: 84, watu 6, 27.5, 55, wati 150, D, paa halina kizuizi cha joto, friji mpira wake hauna nguvu, dirisha la magharibi liko wazi.

Tengeneza kimoja kwa wakati ili ujue kipi kimesaidia. Walianza na mpira wa friji, ukibana noti mlangoni inachomoka yenyewe bila kuvuta, fundi akaubadilisha, na mzigo wa usiku ukashuka mpaka 115. Paa wamepaka rangi nyeupe mwezi wa sita, na baba mwenye nyumba akanipigia wiki hiyo hiyo kwa furaha anasema nyumba imepoa, nikamwambia subiri kwanza baba, mwezi wa sita kila nyumba Dar imepoa, kale kakipimajoto tutakasoma tena Februari.